WACHACHE KATI YA WENGI: HABARI ZA WAJAPANI WAKAAO INDIA

 

Leo twapenda kuwaeleza habari za watu wachache wakaao kati ya watu wengi. Wachache hao ni Wajapani, na wengi ni watu wa India, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bara Hindi. Wanafunzi wenye ramani ya Asia na waifungue. Mbali upande wa mashariki wataona visiwa vya Japani. Upande wa kusini wataona India, imeingia baharini kama ncha ya mkuki. Merikebu itokayo Japani kwenda India hupita bahari ya China, hupenya mlango wa bahari wa Malaka, kisha hutokea katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Nchi hizi mbili hazina mpaka mmoja, wala lugha moja, wala chakula kimoja. Hata hivyo, imepita miaka 130 na zaidi tangu Wajapani walipoanza kwenda huko kwa kazi. Wengi walikaa miaka michache wakarudi kwao, na wengine walifia huko huko.

Kwa nini tumechagua habari hii? Kwa sababu hakuna nchi isiyo na wageni wachache. Sisi wa Afrika ya Mashariki twamjua Mhindi mwenye duka na Mwarabu mwenye jahazi. Twawajua pia ndugu zetu waliokwenda kukaa ugenini. Basi swali letu la leo ni hili: Ni kitu gani kimfungacho mgeni na nchi asiyozaliwa? Je, ni biashara? Je, ni mapatano ya serikali? Au kiko kitu kingine?

Mwanzo wa yote ulikuwa pamba. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 Wajapani walijenga viwanda vingi vya kusokota nyuzi, hasa katika mji wa Osaka. Pamba ya kwao haikutosha. Pamba ya India ni fupi na si laini sana, lakini ilikuwa rahisi kwa bei, na mafundi wa Osaka walijua namna ya kuichanganya na pamba ya Marekani hata wakapata uzi mzuri. Shida yao ilikuwa merikebu. Shehena zote za pamba kutoka Bombay zilichukuliwa na kampuni za Ulaya, na kampuni hizo zilipatana kutoza ujira mkubwa.

Hapo ndipo mfanyabiashara mashuhuri wa Bombay, Jamsetji Tata, alipopatana na Wajapani. Tarehe 7 Novemba 1893 merikebu ya kampuni ya Nippon Yusen Kaisha, jina lake Hiroshima Maru, iling'oa nanga katika bandari ya Kobe kwenda Bombay. Kampuni za Ulaya zilikasirika, zikapunguza ujira wao hata ukawa karibu na bure, kusudi Wajapani washindwe na kuiacha njia ile. Lakini wenye viwanda vya Japani walikuwa wameahidiana kwamba pamba yao yote itachukuliwa na merikebu zao, hata kama ujira wa wengine ni rahisi zaidi. Waliishika ahadi yao. Mwaka 1896 kampuni za Ulaya zilikubali kupatana nao. Wasikilizaji wetu walio katika vyama vya ushirika vya wakulima watafahamu upesi maana ya jambo hili: aliyekimbilia bei rahisi ya siku moja angaliiharibu njia ya wote.

Merikebu zilipopata njia, watu wakafuata. Wakaja makarani wa makampuni ya pamba, wakaja watu wa benki, akaja na konseli wa serikali ya Japani. Makampuni kama Mitsui, Nihon Menka na Gosho yalifungua ofisi katika Bombay. Baadaye vijana wao walipelekwa bara, hata Berar na Punjab, kununua pamba karibu na shamba lenyewe. Sababu yake yajulikana na kila mkulima wa pamba. Pamba ikipita katika mikono mingi, mmoja huitia maji ipate uzito, mwingine huichanganya mbovu na njema, hata ifikapo bandarini haijulikani ilikotoka. Basi kijana wa Kijapani aliyezaliwa katika nchi ya theluji alijikuta katika mji mdogo wa vumbi, katika jua kali la mwezi wa Mei, akitumbukiza mkono katika gunia na kuvuta nyuzi kwa vidole ili aone urefu wake. Ilimpasa ajifunze maneno ya sokoni, na kula chakula cha pilipili, na kunywa maji yaliyochemshwa. Katika miaka ya kabla ya vita kuu ya pili, Japani ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa pamba ya India.

Haifai tueleze mambo mazuri tu na kuficha mengine. Kati ya Wajapani wa kwanza kukaa Bombay na Calcutta walikuwamo wanawake maskini, wengi wao wametoka vijiji vya kisiwa cha Kyushu. Walidanganywa au kuuzwa kwa ajili ya deni la wazazi wao, wakatiwa katika nyumba za aibu. Hao hawakwenda ugenini kwa kupenda. Wenzao wenye heshima waliwaonea haya na hawakutaka kuwataja, walakini nao walikuwa watu wa kwao, na fedha waliyoipata kwa machozi ilipelekwa nyumbani kununua mchele. Aandikaye habari za wageni wa nchi yo yote na asiwasahau watu kama hao.

Wafanyabiashara wenyewe waliishi kwa adabu na kwa kazi nyingi, lakini waliishi peke yao. Walikaa katika nyumba za kampuni, wakala chakula chao, wakastarehe pamoja jioni. Mhindi walikutana naye dukani, ofisini na sokoni, yaani mahali penye bei. Kamba iliyowafunga na nchi ile ilikuwa ya pamba, na kamba ya pamba hukatika.

Ilikaribia kukatika mwaka 1933. Nguo za viwanda vya Japani zilikuwa rahisi mno, zikaenea kila nchi. Hata katika maduka ya pwani yetu ya Afrika zilijaa miaka ile, na mara nyingi aliyeziuza alikuwa Mhindi. Wenye viwanda vya nguo wa India walilia kwamba wanakufa. Basi serikali ya Bara Hindi ikapandisha ushuru wa forodha juu ya nguo za pamba zisizotoka nchi za Kiingereza, hata ukafika rupia 75 katika kila mali ya rupia 100. Wenye viwanda wa Japani wakajibu: Vema, nasi hatununui tena pamba yenu. Aliyeumia kwanza hakuwa waziri wala tajiri, alikuwa mkulima wa kijijini ambaye pamba yake ililala ghalani.

Wajumbe wa Japani, wa serikali na wa viwanda, wakakutana na wenzao katika mji wa Simla mwezi wa Septemba 1933, na mazungumzo yakaendelea Delhi. Mwanzo wa mwaka 1934 wakapatana hivi: ushuru ushushwe hata rupia 50 katika mia, na Japani ikinunua marobota milioni 1 ya pamba ya India, kila robota ratli 400, itaruhusiwa kuingiza nguo yadi milioni 325, ikinunua marobota milioni 1 na nusu, yadi milioni 400. Hayo ni mapatano ya watu wenye akili, kila upande ukijua shida ya mwenzake. Biashara ya pamba ikaendelea tena.

Sasa tuwaache wanunuzi wa pamba, tumtazame Mjapani wa namna nyingine. Mwaka 1931 alifika India mtawa wa dini ya Buddha, jina lake Nichidatsu Fujii. Hakwenda kununua kitu. Alikwenda kwa sababu Buddha alizaliwa na kufundisha pande zile, naye aliona kwamba Wajapani wana deni kwa nchi ile. Alitembea akipiga ngoma ndogo ya mkono na kuimba sala yake. Mwaka 1933 alifika Wardha kwa Gandhi, akakaa katika makao yake pamoja na wanafunzi wa Gandhi. Baadaye mmoja wa wafuasi wa Fujii, Mjapani kama yeye, aliingia katika makao ya Sevagram, ambayo Gandhi aliyaanzisha karibu na Wardha, akawa mmoja wa wenyeji wa pale.

Wenye hekima wa kwetu husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sevagram ilikuwa mahali pa jembe kwelikweli. Kila mtu alifanya kazi kwa mikono yake: kufagia, kusokota nyuzi, kulima, hata kusafisha vyoo. Mtawa yule Mjapani hakutaka kutendewa kama mgeni. Alifanya kazi kama wengine wote, akaishika sala yake ya kila siku pasipo kumkera mtu, akawa na uso wa tabasamu wakati wa raha na wakati wa shida. Watu wa kijiji wakampenda. Ngoma yake na sala yake vikaingia katika ibada ya wote asubuhi na jioni.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Julai 1941 mali ya Wajapani katika nchi za Kiingereza ilizuiliwa, na biashara ikasimama. Mwezi wa Desemba mwaka ule Japani ilizishambulia Marekani na nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Papo hapo Wajapani waliokuwa India wakahesabiwa kuwa adui. Karani wa pamba, mtu wa benki, mwenye duka, mtawa wa Sevagram, wote wakachukuliwa. Miaka karibu 50 ya biashara ikaisha kwa siku chache. Hakuna aliyeuliza kama mtu huyu aliipenda vita au aliichukia. Hati yake ya safari ilitosha.

Wengine walikuwa na bahati. Mwezi wa Agosti 1942 merikebu iliwachukua Wajapani kutoka Bombay mpaka Lourenço Marques, mji ambao leo waitwa Maputo, katika nchi ya Msumbiji. Mji ule ulikuwa wa Wareno, nao Wareno hawakuwamo vitani. Huko, katika pwani hii yetu ya Afrika, Wajapani walibadilishwa na watu wa Kiingereza waliokuwa wamefungwa na Japani. Hawa walishuka katika merikebu hii wakapanda ile, na wale vivyo hivyo, kila mmoja akarudishwa kwao.

Wengine hawakubadilishwa. Katika ngome ya kale ya Delhi, iitwayo Purana Qila, palipigwa mahema kwa ajili ya Wajapani zaidi ya elfu mbili. Wengi wao hawakuwa wakazi wa India. Walikuwa vinyozi, wavuvi, wapiga picha na wenye maduka wa Malaya na Singapore, walioletwa kwa merikebu pamoja na wake na watoto wao. Katika Delhi joto la kiangazi huunguza, na baridi ya Januari hupenya hema. Wengi walikufa, hasa wazee na watoto wachanga. Mwaka 1943 waliobaki walihamishiwa Deoli katika nchi ya Rajputana, mahali pakavu, mbali na kila mji.

Yaliyotokea Deoli ni ya kusikitisha, tena ni funzo kwa kila asikilizaye habari. Mwezi wa Agosti 1945 Japani ilishindwa. Habari ikafika kambini, lakini imeletwa na mwenye kufunga lango. Wengi hawakuisadiki, walisema ni hila ya adui, na kwamba Japani imeshinda. Wachache waliosadiki waliitwa wasaliti. Kambi ikagawanyika, ndugu kwa ndugu. Mwezi wa Februari 1946, baada ya fujo, askari walifyatua risasi, wakafa wafungwa zaidi ya 10, nao vita vilikuwa vimekwisha miezi sita kabla. Watu hao walikufa kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye pande zote mbili zingeweza kuliamini neno lake. Mwaka ule ule waliosalia walirudishwa Japani, nchi iliyoteketea kwa moto.

Sasa turudi Sevagram. Mwezi wa Julai 1942, wakati majeshi ya Japani yalipokuwa yamefika Burma, mlangoni pa India, Gandhi aliandika barua ya wazi kwa Wajapani wote. Katika barua ile aliwakemea kwa nguvu kwa ajili ya vita vyao katika nchi ya China, na akawaonya wasidhani kwamba watakaribishwa India. Lakini katika barua ile ile alimkumbuka yule mtawa mmoja. Alimsifu kwa utumishi wake na uso wake mwema, akasema kwamba wenzake wanamkosa. Tena akaeleza kwamba ametuachia sala yake na ngoma yake ndogo, na kwamba kwa ngoma ile ibada ya kijiji inaendelea kufunguliwa asubuhi na jioni.

Tazameni jambo hili, wasikilizaji. Benki ilifungwa, ofisi za pamba zilifungwa, konseli aliondoka, na jina la Kijapani lilikuwa jina la adui. Hata hivyo katika kijiji kimoja cha India ngoma ya Mjapani ilipigwa kila siku, na waliokuwa wakiipiga ni Wahindi.

Vita vilipokwisha, India ilipata uhuru wake mwaka 1947. Mwaka 1949 watoto wa Tokyo, ambao tembo wa bustani yao walikufa wakati wa vita, walimwomba Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru awapelekee tembo, naye akawapelekea, jina lake Indira. Mwaka 1952 India ilifanya amani na Japani kwa mkataba wake yenyewe, wala haikudai fidia ya vita. Wajapani wakaanza kurudi, kwanza kwa ajili ya chuma kighafi, kisha kwa ajili ya viwanda.

Kiwanda kilichobadilisha mambo ni cha motokaa. Mwaka 1982 serikali ya India ilipatana na kampuni ya Suzuki ya Japani, na mwezi wa Desemba 1983 motokaa ya kwanza ilitoka katika kiwanda cha Gurgaon karibu na Delhi. Wajapani walileta desturi iliyowashangaza watu. Mkubwa na mdogo walivaa nguo za kazi za namna moja. Wote walikula katika chumba kimoja, na mkubwa alishika zamu yake katika mstari. Katika nchi ambayo watu wa tabaka mbalimbali hawakuzoea kula pamoja, jambo hili halikuwa dogo.

Lakini nguo moja na chumba kimoja cha kulia havitoshi ikiwa moyoni mna manung'uniko. Tarehe 18 Julai 2012, katika kiwanda kingine cha kampuni hiyo huko Manesar, pakatokea ghasia. Kwa miezi mingi palikuwa na ugomvi juu ya chama cha wafanyakazi na mishahara ya vibarua. Mkubwa mmoja, Mhindi, aliuawa, na watu karibu 100 waliumia, wakiwamo Wajapani. Kula pamoja ni mwanzo mwema. Kusikilizana ndio kazi yenyewe.

Siku hizi Wajapani wakaao India ni kama elfu nane hata elfu kumi, kati ya watu zaidi ya milioni 1,400. Ni tone katika pipa. Wengi hukaa Gurgaon na Delhi, wengine Bangalore, Chennai na Mumbai, jina jipya la Bombay. Katika Neemrana, kando ya njia ya Delhi kwenda Jaipur, liko eneo la viwanda vya Kijapani lililoanzishwa kwa mapatano ya mwaka 2006. Aghalabu baba huja kwa miaka mitatu hata mitano, kisha kampuni humwita. Delhi na Mumbai ziko shule za watoto wao, wasije wakarudi kwao hawajui kusoma maandishi ya kwao. Akina mama hutafuta mchele unaoshikamana, maana mchele wa India ni mrefu na huachana. Na katika mtaa wa Worli, Mumbai, liko hekalu dogo la wafuasi wa Fujii, na ngoma yasikika humo.

Basi tujibu swali letu. Biashara humleta mgeni, na hakuna aibu katika biashara ya haki; bila pamba hakuna Mjapani ambaye angalifika Berar. Mapatano ya serikali humlinda, maadamu serikali zinapatana. Lakini vita vikija, vyote viwili huanguka pamoja. Kisichoanguka ni kile ambacho mgeni amekifanya pamoja na mwenyeji kwa mikono yake, kwa uvumilivu, siku baada ya siku.

Ninyi vijana ambao siku moja mtakwenda kufanya kazi katika nchi za watu, jifunzeni lugha ya huko kabla ya kujifunza bei ya huko, wala msikae peke yenu. Na ninyi wenyeji, akija mgeni mpeni jembe, kisha mtazameni anavyolishika. Siku wakubwa wa dunia watakapogombana na kuwaambia kwamba mtu yule ni adui, mtakuwa na jambo la kumkumbukia.